Ganda la Kompyuta ya Idalberto

Siku hiyo rafiki yangu Yamilka, wa Santiago de Cuba, alikuwa ananakili tamthilia kutoka kompyuta ya jirani yake Nieves, kwa waya wa mtandao uliopita juu ya paa kama mtaa mzima tunavyofanya. Madirisha yalikuwa yamepigiliwa mbao kwa ajili ya kimbunga. Mchana, lakini ndani giza tupu. Umeme ukakatika.

"Basi tena, shoga, mpaka urudi," Nieves akapaza sauti ng'ambo ya ukuta.

Kompyuta mpakato ya Yamilka ikabaki inawaka kwa betri. Ikalia ting, maandishi yakatokea kwenye skrini: "Kompyuta ya IDALBERTO imeonekana nyumbani. Iruhusiwe kuingia?"

Idalberto alikuwa marehemu mumewe. Kompyuta yake Yamilka alishaiuza kipande kipande, likabaki ganda kabatini, maana kwetu hakitupwi kitu.

Akabonyeza Hapana. Ting. Akachomoa waya. Ting.

"Ulipokuwa hai ulikuwa unaingia saa uitakayo, hodi huijui," akasema gizani. "Leo ndiyo unaomba ruhusa? Huingii."

Kabatini feni ya kompyuta ikaanza kuvuma. Akafungua mlango wa kabati kwa kishindo, akalibeba lile ganda akalitupe nje kwenye upepo. Ndani yake hamkuwa na kitu, hata parafujo. Lakini lilikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ametoka kuinuka sasa hivi.