Sahani ya Nne

Viazi ndivyo vilivyoanza kuleta utata. Sindano alipakua gramu mia nne, akaifunika sahani na kuiweka mahali pake mezani. Walipomaliza kula mchana ule aliifunua. Hakuna aliyeigusa, viazi vilikuwepo vyote, hata kile kilichochongoka kama pua kilikuwa pale pale juu ya wenzake. Akaviweka tena kwenye mizani kwa mazoea tu, maana wanafunzi wa sayansi kimu hupima hata kisichopimika, na mizani ikasoma mia mbili na tisini. Alijiambia mizani imezeeka, akaosha vyombo.

Walikuwa mwaka wa tatu, na mwaka wa tatu hukaa wiki nne katika nyumba ya mazoezi, nyuma ya maktaba ya chuo, wakiishi kama familia huku wakipewa alama. Mvulana pekee wa darasa, ambaye hata maji aliweza kuyaunguza, alipangiwa kuwa baba. Mwenzao aliyewazidi wote umri na kimo akawa mtoto, na alideka kwa bidii kuliko mtoto yeyote wa kuzaliwa. Sindano, aliyepewa jina hilo kwa wepesi wa mkono wake katika kushona, akawa mama. Nafasi ya nne ilikuwa ya bibi, mama mzazi wa mama wa nyumba, na msichana aliyepangiwa nafasi hiyo alikuwa ameahirisha masomo.

Fomu ya alama haikujali habari za kuahirisha. Ilitaka sahani nne, na ilitaka mama wa nyumba amkaribishe kila mmoja kwa kumtaja. Kwa hiyo kila adhuhuri Sindano alisimama mbele ya kiti kitupu na kusema, "Mama, karibu mezani."

Hakuna aliyefikiria maneno hayo yangemfanya nini. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa amefariki miezi miwili tu nyuma. Jumamosi aliyofariki alikuwa amemwita binti yake aje wale pamoja, na Sindano akamjibu kwamba ana mtihani wa vitendo, atakuja wiki ijayo. Majirani walimkuta mama ameinamia cherehani yake, baridi. Mezani palikuwa na sahani ya binti yake, imefunikwa vizuri, inamsubiri. Sindano hakuwahi kumwambia mtu habari ya sahani ile. Kila alipoifunika sahani ya bibi aliikumbuka.

Wiki ya pili ilikuja harufu. Ilikuwa ya mafuta ya cherehani na kitambaa kipya, nayo ilikaa kwenye kile kiti tu. Wiki ya tatu, jua likiwa utosini, wakasikia cherehani ya miguu inakanyagwa katika chumba cha ushonaji, ambacho kilikuwa na kufuli na ufunguo wake ulikuwa unaning'inia pale pale mbele ya macho yao, na ikaendelea kukanyagwa polepole, ikisimama kidogo kama fundi anayekata uzi kwa meno kisha ikianza tena, mpaka baba akabaki na kijiko hewani na yule mtoto mkubwa akavuta kiti chake karibu na ukuta bila kujua anafanya nini.

"Nani yuko kule?" mtoto alinong'ona.

Sindano alikuwa anatabasamu. Tabasamu lile liliwatisha wenzake kuliko cherehani.

Kila Ijumaa walipimwa uzito kwa ajili ya somo la lishe. Ijumaa ya kwanza Sindano alikuwa na kilo hamsini na nane, ya pili hamsini na nne, ya tatu arobaini na tisa. Na alikuwa anakula, tena anaongeza. Wenzake hawakumwaga siri kwa yeyote ila kwa mhadhiri wao, ambaye wanafunzi walimwita Bi Gramu kwa sababu nusu gramu ilitosha kumnyima mtu alama.

Bi Gramu alifika Jumatatu mchana. Aliziweka namba za viazi na namba za Sindano ubavu kwa ubavu, akavua miwani, akakaa. Aliwaambia kwamba amerithi mambo mawili kwa bibi yake, kupima na kuyajua majini, ila chuo kilimpa shahada kwa lile la kwanza tu. Jini huyu hakuvunja mlango. Ameitwa mezani zaidi ya mara ishirini, na moyo unaouma, kwa maneno ya fomu ambayo yeye mwenyewe Bi Gramu ndiye aliyeiandika. Aliposema hivyo sauti yake ilipungua.

"Ni mama yangu," Sindano alisema.

"Mama yako amelala alipolazwa, mwanangu. Huyu amevaa harufu yake. Mwisho wa mwezi hutakuwepo wa kupimwa."

Aliyemkaribisha ndiye wa kumtoa, akaeleza. Aigeuze sahani uso chini, amwambie hana nafasi. Sindano aliomba mlo mmoja tu wa mwisho. Bi Gramu akamkatalia huku machozi yakimlenga.

Cherehani, iliyokuwa ikikanyagwa tangu Bi Gramu aingie, ikanyamaza. Kile kiti kikajivuta kutoka mezani, taratibu, kama mtu mwenye magoti mabovu anakaa.

"Nipakulie, mwanangu."

Ilikuwa sauti yenyewe, pamoja na kikohozi chake kidogo. Sindano alishika sahani, akasubiri. Alisubiri kwa mwili wote.

"Nipakulie," kiti kikasema tena.

Hapo akaanza kulia. "Mama yangu hakuwahi kutia kitu kinywani kabla ya kuniuliza kama nimekula," alisema, akaigeuza sahani uso chini. "Huna nafasi hapa."

Harufu ikapita karibu na shavu lake, ikatoka. Mlango ukajifunga, na Bi Gramu akatia komeo. Kukawa kimya, kimya cha nyumba isiyo na mtu wako ndani yake.

Kisha, upande wa pili wa mlango, kwa upole kabisa:

"Umekula, mwanangu?"

Sindano alikuwa ameshalishika komeo. Bi Gramu akamdaka kifundo cha mkono, vidole vikakizunguka na kupitana, kwa jinsi kilivyokonda.

"Umemfundisha mwenyewe, sasa hivi tu."

Alijua ni kweli. Hakufungua. Alichukua sufuria ya viazi mezani, akarudi kuketi sakafuni karibu na mlango, akaipakata na kuanza kula viazi vilivyopoa, analia anameza, akikwangua kijiko kwa nguvu kwenye kingo za sufuria ili, kama aliyesimama nje ni mama yake kweli, asikie.