Waya wa Kijani na Njano

Mashine ya kufulia ya Kendi ilikuwa inauma. Ukiigusa kwa mkono uliolowa, stima inakupiga hadi kwenye kiwiko. Basi watu wa nyumba ile, pale Al Wakrah, kusini ya Doha, wakaipa jina la mbwa. Waliiita Popi.

"Cheryl, umevaa patipati zako za mpira?" Kendi alimuuliza mdogo wake kila alipoingia bafuni na nguo chafu.

"Nimevaa, dada! Popi hanipati leo."

Wakacheka. Mimi ninayewasimulia sicheki. Mashine inayouma si mzaha, jamani.

Kendi alikuwa akimtunza bibi mgonjwa katika nyumba ya matajiri. Athanas, mumewe, alikuwa dereva wa basi la kampuni. Cheryl alikuwa ametoka Meru juzi juzi tu, akapata kazi hotelini. Siku ya kuondoka, mama yao alimpigia Kendi simu. "Huyu ndiye kitindamimba wangu," alisema. "Nakuachia wewe."

Mashine yenyewe waliinunua ikiwa imetumika. Plagi yake ilikuwa na pini tatu, lakini ekstensheni yao ya bei rahisi ilikuwa na matundu mawili. Athanas akaikata plagi. Ndani ya kebo akaona nyaya tatu. Wa kahawia na wa buluu akaziunganisha kwenye plagi ya pini mbili. Wa tatu, wenye mistari ya kijani na njano, akaukata kwa kisu cha jikoni.

"Huu hauna kazi," alisema.

Mashine ikazunguka. Basi akajiona fundi.

Siku moja Rodney, jirani wa chumba cha pili, alikuja kuazima ndoo. Rodney ni fundi wa stima, Mkenya mwenzao. Alipoegemea mashine, aliruka nyuma.

"Ala! Nani amefanya hivi?"

"Ni kashoti kadogo tu," Athanas alisema. "Hapa tunavaa patipati."

Rodney alichutama akaikagua plagi. Uso wake ulibadilika.

"Athanas, ndugu yangu, huu uliokata ni waya wa ardhini. Stima ikivuja ndani ya mashine, huu ndio unaoipeleka ardhini, na swichi kubwa inakata. Usipokuwapo, stima inangoja mtu aiguse. Inapita kwake."

"Lakini mashine inafanya kazi bila huo."

"Inafua, ndiyo. Inaua pia. Unajua rangi hii ilitoka wapi? Ulaya, baada ya vita vikuu vya pili. Miji ilikuwa vifusi. Walipojenga upya, stima ikaingia nyumba nyingi, na friji, na mashine kama hii. Lakini kila nchi ilikuwa na rangi zake. Kwa hawa waya mwekundu ulikuwa wa moto, wenye stima, kwa wale mwekundu ulikuwa wa ardhini. Sasa mashine ikivuka mpaka, fundi anafuata rangi za kwao, na mtu anakufa."

"Wakafanyaje?" Cheryl aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Wakaketi meza moja, watu waliokuwa wamerushiana mabomu. Wakakubaliana. Kijani na njano ni waya wa ardhini, basi, na hauna kazi nyingine. Una mistari ili hata asiyeona rangi vizuri autambue. Ichomoeni hii mashine. Msiitumie mpaka itengenezwe."

"Sawa, mwalimu," Athanas alisema. "Khalas, yameisha. Ijumaa tunaitengeneza."

Ijumaa, siku ya mapumziko na ya ibada huko, ikafika, wakaenda kanisani Mesaimeer. Ijumaa iliyofuata Athanas akapewa zamu ya ziada. Nyingine alikuwa amechoka. Kendi aliuliza, akajibiwa vibaya, akanyamaza. Na nguo je? Ziliendelea kufuliwa mle mle. Ninawakasirikia wote wawili, na sifichi.

Ijumaa moja waliporudi kutoka kanisani, maji yalikuwa yakitiririka bafuni. Cheryl alikuwa amelala sakafuni, miguu mitupu, sare yake ya hoteli nusu ndani ya mashine. Alikuwa anawahi zamu. Athanas alizima swichi kubwa kwanza, ndipo wakamgusa. Hapo alifanya sawa. Lakini Cheryl alikuwa amekwisha kufa.

Walimsafirisha nyumbani ndani ya sanduku.

"Tulimwambia kila siku avae patipati," Athanas alisema, akilia. "Alisahau tu."

"Nani hasahau?" Rodney alimjibu. "Waya ule uliwekwa kwa ajili ya siku ya kusahau."

Jioni ya siku ile aliyokufa Cheryl, Rodney aliitupa ekstensheni. Akafunga soketi ya matundu matatu, iliyounganishwa na ardhi. Akaweka plagi mpya na kuurudisha waya wa kijani na njano mahali pake. Kwenye boksi la stima akaweka swichi inayokata yenyewe stima ikivuja. Akapima kwa kifaa chake. Kisha akaigusa mashine kwa mkono mtupu. Ilikuwa imetulia.

Habari zilienea kanisani Mesaimeer. Watu walirudi vyumbani mwao wakakagua plagi zao. Mwanamke mmoja, Roselyne, alikuta birika lake la stima limekatwa waya ule ule. Aliacha kulitumia siku hiyo hiyo akaita fundi. Hayo ni mema, na ninyi mfanye hivyo. Lakini hayanitoi uchungu.

Baada ya mazishi kule Meru, mama alipiga simu.

"Kendi, mwanangu, wanasema Cheryl alisahau viatu."

Athanas alimtikisia kichwa mkewe asiseme. Kendi alimgeuzia mgongo.

"Hapana, Mama. Mashine ilikuwa mbovu. Athanas aliukata waya, na mimi nilijua. Ilikuwa inatuuma, na sisi tunacheka."

Mama akauliza:

"Na sasa imetengenezwa?"

"Imetengenezwa, Mama."

"Ilikuwa kazi ngumu?"

"Hapana, Mama," Kendi alisema. "Haikuwa ngumu."

Mama akakata simu.