Sensa Iliyotoka Ziwani

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima pale shangazi Zylfije alipoingiza gari lake gerejini kwa Bardhyl, kule Pogradec, mji wa kando ya ziwa, ekzosi ikitapika moshi mweusi.

"Wiki moja tu tangu uniwekee kipuri kipya," alilalamika. "Majirani wananiita treni!"

Bardhyl alicheka, lakini roho ilimsuta. Sensa ile, kifaa cha kupima joto la injini, haikuwa mpya. Aliifungua kwenye gari lililoopolewa ziwani, akaisugua ikang'aa, akamdanganya mjane wa watu.

"Kaa unywe kahawa, shangazi. Naliangalia."

Akaunganisha mashine ya kupimia. Injini ilikuwa ya moto, haigusiki. Mashine ikasoma nyuzi nne za joto.

Kumbe ni hilo tu. Sensa inadai injini ina baridi, gari linajimwagia petroli kupita kiasi, petroli haiungui yote, inatoka moshi. Ugonjwa wa kawaida. Akachomoa waya wa sensa ili mashine ikose cha kusoma.

Nyuzi nne.

Akazima injini, akasubiri ipoe, akaifungua sensa. Baridi yake ikampenya kiganjani hadi kwenye mfupa. Harufu ya matope na majani yaliyooza ikajaa gerejini...

Tk... tk... tk... tk...

Haikuwa injini. Sauti ilitoka kiti cha nyuma.

Meno. Meno ya mtu anayetetemeka.

"Shangazi," Bardhyl alinong'ona, "nimekukosea. Hii sensa ni ya gari lililozama. Dereva wake... hawakumpata."

Zylfije akaweka kikombe chini. Hakushtuka.

"Ndiyo maana kiti kinalowa."

"Unamjua?"

"Nilidhani uzee unanichezea. Kila jioni namsikia huko nyuma. Namwashia hita, nazunguka naye mjini mpaka anyamaze." Akafuta macho. "Mtoto wa watu, Bardhyl. Anasikia baridi."

"Nakuwekea mpya sasa hivi, bure! Hii naitupa."

"Utaitupa wapi? Ziwani tena?"

Bardhyl akaigeuza sensa kiganjani.

"Irudishe."

Bardhyl akairudisha, akauchomeka waya. Zylfije akawasha gari, akafungua hita hadi mwisho. Moshi ukatanda. Meno yakagongana... yakapungua... yakanyamaza.

Kisha mtu akashusha pumzi ndefu.

"Haya, mwanangu, twende zetu," Zylfije akasema.

Hakuwa anamwambia Bardhyl.