Uzio Mweupe wa Jackson Marwa

Jamani majirani zangu wa Nkende, kaeni niwasimulie habari ya uzio. Najua wengine mlikuwepo, lakini mlicheka tu mkaenda zenu, na mimi sitaki kicheko kile kipotee bure.

Mnamfahamu Mama Bhoke, mama mzazi wa Jackson Marwa, yule fundi simu. Mama yule miguu imechoka, lakini mdomo bado una nguvu. Kila asubuhi mkwewe, Robi, alimtolea kigoda uani, karibu na uzio wa minyaa uliomfikia mtu kiunoni. Nyuma ya minyaa ile kuna njia ya kwenda sokoni. Basi mama anachambua maharage yake, na kila apitaye anaamkia: "Shikamoo mama!" Naye anaitikia, anauliza habari za ng'ombe, anauliza watoto, anamsema aliyevaa suruali ya kubana. Nesi Honoratha, aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba, hakupita bila kuuliza kama amemeza dawa ya presha. Uani pale palikuwa na raha.

Raha ile iliharibika siku Jackson alipouona uzio wa plastiki nyumbani kwa rafiki yake Osward. Mweupe, unang'aa, mvua ikinyesha unajiosha wenyewe. Akarudi kwake, na minyaa aliyoipanda marehemu baba yake akaanza kuionea aibu.

Muuzaji akaja kutoka Sirari, akawaonyesha picha kwenye simu. Kulikuwa na uzio wa vijiti vilivyoachana, wa kumfikia mtu kifuani. Kulikuwa na wa mabomba yaliyolala. Na kulikuwa na wa kuziba kabisa, mrefu kuliko mwenye nyumba.

"Huu wa vijiti ndio mzuri," Robi alisema. "Upepo unapita, na mama anaona watu."

"Mama Matiko, tumekaa wazi miaka yote kama kuku," Jackson akamjibu mkewe. "Mimi nataka wa kuziba."

"Hiyo ndiyo poa kabisa, mzee," muuzaji akadakia. "Hakuna jirani ataona kitu."

Mama Bhoke aliuliza swali moja tu: "Sasa nitaamkiwa na nani?"

"Mama, utapumzika."

Mnalisikia jibu hilo? Mtu anaulizwa habari ya salamu, anajibu habari ya kupumzika.

Minyaa ikang'olewa, uzio ukasimama. Tulikwenda kuushangaa, hata mimi niliupapasa kama kitenge cha dukani. Jackson akapiga picha, akazituma kwenye kila kundi la simu alilomo. Huko ndani, mama alichambua maharage akiwa ametazama plastiki. Wapita njia hawakujua kama yupo. Honoratha alidhani siku hizi anachelewa kuamka. Uji ukaanza kubaki kikombeni, na Robi aliponieleza hivyo niliumia, nasema kweli.

Sasa sikilizeni kosa ambalo Mkurya hakutakiwa kulifanya. Jackson aliletewa fahali kutoka kwa mjomba wake anayeishi Nyanungu. Hakutaka samadi ndani ya uzio wake wa kifahari, kwa hiyo akamfunga nje, kamba ikifika hadi nguzo ya kona. Mtu aliyechunga tangu utotoni! Alisahau kwamba fahali akiwashwa shingo hutafuta pa kujikunia, na haulizi ni pa nani.

Asubuhi moja Robi alikuwa shambani, Jackson yuko kwenye kibanda chake. Mama aliinuka kufuata maji, kichwa kikamzunguka, akaanguka. Aliita, lakini sauti yake ilikuwa ndogo, na watu walipita upande wa pili na mazungumzo yao. Jua likamkuta pale chini.

Ndipo fahali akaanza kuwashwa. Akaegemea nguzo, akajisugua taratibu, macho kafumba kwa utamu. Nguzo ikalala. Mbao za plastiki zikachomoka moja baada ya nyingine hadi kule chooni. Tulitoka mbio kwenda kucheka. Honoratha, akitoka zamu, naye alisimama kucheka, kisha akatupa macho uani.

"Mama Bhoke!" alipiga kelele, akaruka plastiki na viatu vyake vya kazini.

Presha ilikuwa imepanda vibaya. Nesi alituambia kwamba kama tungechelewa kidogo, tungekuwa tunachanga za msiba. Tukambeba hadi zahanati, na jioni alikuwa ameketi kitandani akidai uji.

Jackson alifika mbio. Alimshika mama yake mkono, akalia mbele yetu sote. Halafu, kwa kuwa binadamu lazima apate wa kumlaumu, akasema fahali yule atachinjwa.

"Thubutu!" mama akamaka. "Tangu uweke plastiki yako, huyo ndiye wa kwanza kunipigia hodi."

Fahali hakuchinjwa. Alichimbiwa gogo lake la kujikunia. Mbao zilizosalimika zilikatwa zikaachanishwa, zinamfikia mtu kifuani, kama Robi alivyosema mwanzo. Bado ni nyeupe, na Jackson bado anapiga picha, ila siku hizi katikati ya picha yupo mama yake akimsema mtu. Tena Jackson akienda kazini huzunguka kwa nyuma, apite njia ile ya sokoni, aamkie kama wengine.

FUNZO

Ndugu zangu, sikatazi mtu uzio. Pambeni nyumba zenu, tupate pa kushangaa. Lakini kabla hujachagua, muulize anayeshinda uani anataka kuona nini, na akikujibu, msikilize. Tusiwafungie wazazi wetu ndani ya uzuri ili wapita njia watusifu. Dawa wanazihitaji, na salamu wanazihitaji vilevile. Jackson amejifunza hayo kwa ng'ombe. Wewe jifunze kwa Jackson.