Mbuzi Hawakusahau Saa Tisa

Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, ndivyo tulivyofundishwa. Uongo. Mbuzi hula kwa urefu wa miguu ya anayemchunga. Mie nimeliona hilo kwa macho yangu.

"Stephano! Banda liko wazi!"

"Unasemaje?"

"Mbuzi hawapo! Hata mmoja!"

Alitoka chumbani kifua wazi, shati jeupe mkono huu, pasi mkono huu. Jumapili, saa tisa na robo alasiri. Saa kumi mjomba wake Polikarpo alikuwa analeta barua yangu ya posa. Shangazi Filomena alishafika kutoka Mabibo kuipokea, amekaa barazani na kitenge kipya. Posa ililetwa shambani, huku Mabwepande, kwa sababu mie na Stephano ndio tunaolea mbuzi wa Mzee Zahor, na mbuzi hawaachwi peke yao.

"Geti umefunga wewe, Bernadeta."

"Nilifunga nikakaza. Tazama kamba, beberu kaitafuna!"

"Mie sijui. Leo sijawatoa kabisa, nimeshinda napiga pasi."

"Vaa viatu twende."

"Nikakimbize mbuzi na suruali ya posa? Nenda wewe. Mie nampokea mjomba."

Nilipiga picha ile kamba, nikafunga kanga kiunoni, nikatoka mbio. Sijafika mbali, simu ikalia. Ujumbe wa Mzee Zahor, kutoka dukani kwake Kipawa:

"Stephano amenipigia. Anasema umeacha geti wazi. Mbuzi ni kumi na wanne. Akipungua mmoja, kesho funga virago."

Nilisoma mara mbili. Mchumba wangu, saa moja kabla ya posa, alikuwa amenichongea kwa tajiri kabla sijafika hata njia panda.

Nikashuka bondeni kwenye bustani za mchicha. Ndiko Stephano alikowachunga kila siku saa tisa, aliniambia mwenyewe.

"Shikamoo Mzee Suleiman. Mbuzi wetu wako huku?"

"Marahaba. Mbuzi gani, binti?"

"Anaowaleta Stephano."

"Hapa kwenye mchicha wangu? Athubutu! Sijawahi kuona mbuzi wenu huku. Ila nimewaona sasa hivi wanakwenda barabarani, wamejipanga kama watoto wa shule. Hawana hata mchungaji."

Mbuzi aliyepotea hutangatanga. Hawa walikuwa na safari.

Niliwakuta kwenye banda la chipsi, wamezunguka karai la maganda ya viazi, mikia inacheza. Nikahesabu. Kumi na wanne. Mwanamke mwenye aproni alikuwa anamenya viazi huku akiongea nao kama wageni wake wa siku zote.

"Leo mmekuja wenyewe? Baba yenu mmemwacha wapi?"

Akainua uso, akatabasamu.

"Ee! Wifi! Karibu wifi! Si ndo we Bernadeta? Nimekujua kwa picha. Mie Jesca."

"Wifi yako kivipi?"

"Jamani! Dada yake Stephano si wifi yangu?"

Nikashika nguzo ya banda.

"Anakuja hapa mara ngapi?"

"Kila siku saa tisa. Mbuzi wanakula maganda, yeye anakula chipsi. Mwaka sasa. Leo ndo kanitumia ujumbe, hebu ona."

Akanipa simu. "Mke wangu, leo siji. Dada anachumbiwa, lazima nisimamie."

"Jesca, mdogo wangu, weka kisu chini."

"Kuna nini?"

"Ni kweli leo nachumbiwa. Mposaji ndo huyo Stephano."

Alinitazama. Akautazama ule ujumbe. Akawatazama mbuzi, kana kwamba wao ndio wangekanusha. Nilidhani atanirukia, au atalia. Alifuta mikono kwenye aproni.

"Ngoja nizime jiko," alisema.

Tulirudi yeye mbele na ndoo ya maganda, mbuzi katikati, mie nyuma na fimbo. Barazani Mjomba Polikarpo alikuwa amekaa, suti ya kahawia, barua kwenye sinia juu ya meza. Stephano alipotuona, soda ilimwagikia suruali ile ile aliyoinyima vumbi.

"Shikamoo mjomba," Jesca alisema.

Mjomba hakuitika.

"Juzi ulisahau kofia kwangu, baada ya zile chipsi mayai." Akaichomoa kwenye mfuko wa aproni, akaiweka juu ya sinia, pembeni ya barua.

Shangazi Filomena akageuka polepole.

"Polikarpo. Ulikuwa unajua?"

"Vijana, shemeji... vijana wana mambo yao..."

"Bernadeta, nisikilize, nikueleze," Stephano akaanza.

"Waeleze mbuzi. Wao ndo walionionyesha njia."

Nikampigia Mzee Zahor, nikaweka spika.

"Shikamoo mzee. Wote kumi na wanne wapo. Geti nililifunga, picha ya kamba iliyotafunwa naituma. Walizoea kupelekwa kwenye banda la chipsi kila saa tisa. Leo mchungaji wao alikuwa anapiga pasi, wakajipeleka."

Sauti ikatoka, nzito:

"Mbuzi wangu wa maziwa, barabarani, mwaka mzima? Mpe simu Stephano."

Aliipokea kwa mikono miwili, akaenda nayo nyuma ya banda. Shangazi akaichukua barua, haijafunguliwa, akamrudishia mjomba kifuani.

"Hii haijafika kwetu," alisema.

Hapo ndipo Mjomba Polikarpo akapata ulimi.

"Binti, hata kama. Mambo ya ndani humalizwa ndani. Umetudhalilisha mbele ya wakwe, mbele ya mwanamke wa barabarani..."

"Ana jina. Jesca."

"...mbele ya mbuzi! Mwanamke mwenye adabu hafanyi hivi. Niombe radhi mie, kisha umwombe mwenzio. Labda tutalizungumza upya."

Wote walinitazama. Beberu naye, kipande cha ganda kikining'inia mdomoni. Nilipiga goti kidogo, kama nilivyolelewa Masasi.

"Shikamoo, mjomba."

Akatabasamu, akijua ameshinda. "Marahaba, mwanangu."

"Shikamoo umepata," nilisema, nikasimama. "Radhi hupati."