Namba Aliyopewa kwa Mapenzi

Malori yalipanga foleni kutoka mpakani Tunduma mpaka usikoona mwisho, vumbi limetanda, wabadilisha fedha wanaitana kwa Kiswahili na Kibemba, ndipo Gwantwa akakwaa kamba ya turubai akamwaga ndoo nzima ya viazi miguuni pa Yassir.

"Dada, mimi niliagiza viwili tu," Yassir alisema, akiinama kuokota.

"Kaka, ungetoa huo mguu njiani ningekuuzia hivyo viwili."

Gwantwa alikuwa binti wa Ibaba, milimani Ileje, sweta la njano juu ya kitenge cha bluu. Yassir alitoka Tanga kutafuta maisha, kofia yake safi, jaketi la jinzi limechakaa viwiko. Kazi yake ilikuwa benchi na simu moja. Dereva aliyeibiwa simu kwenye foleni alikaa pale akaongea na nyumbani, au akatuma ujumbe wa sauti na kungoja majibu. Na malori Tunduma hukaa sana. Basi simu ile ilijaa sauti za watu.

Haukupita muda wakawa wanapigiana kutwa.

"Nimekula viazi vyako. Vina chumvi nyingi."

"Hayo ni machozi ya kukukosa, mume wangu mtarajiwa."

"Basi kesho ucheke kidogo, nile vizuri."

Yassir alipanda Ibaba kujitambulisha. Mzee Jonasi, baba yake Gwantwa, mzee wa kanisa, aliguna juu ya dini, akaguna tena, mwisho akakubali. Siku hiyo Yassir akampa mchumba wake namba ya siri ya simu. Vijana wa sasa wakipendana hupeana hizo namba, ndiyo pete yao.

"Sitaifungua simu yako," Gwantwa alisema.

"Najua. Ndiyo maana nimekupa."

Kisha ikaibwa dizeli ya lori moja, na maneno yakafika polisi kwamba wezi walipigiana kupitia benchi la Yassir. Wakamchukua.

"Fungua simu."

"Afande, niulize mimi, nitajibu lolote. Humo mna siri za watu wasiohusika."

"Nani kakufanya wewe sanduku la siri?"

"Wao wenyewe."

Akawekwa ndani. Wezi wapo, na polisi wana kazi yao, hilo halina ubishi. Lakini simu siyo mfuko wa suruali, upekuliwe na kurudishwa. Kilichotoka humo hakirudi.

Gwantwa alikwenda kituoni na chakula. Afande mmoja wa kike, mpole wa sauti, akamvutia kiti.

"Mdogo wangu, kuna mtu anaitwa Tumpale anapiga kila siku. Unamjua?"

"Hapana."

"Mwanaume analala sakafuni, hataki simu ifunguliwe. Anamficha nani? Na wewe mchumba, namba huna?"

Gwantwa alijiambia kwamba akifungua, Yassir atatoka leo. Hilo ndilo alilojiambia. Lakini wivu ulikuwa umeshamwingia. Akaipokea simu, akabonyeza.

Afande akauchezesha ujumbe wa sauti hapo hapo kaunta, sauti juu. Tumpale alikuwa mke wa Kasiani, dereva wa lori aliyetumia benchi la Yassir, na sauti ilikuwa ya Kasiani mwenyewe. "Mke wangu, majibu yametoka. Ninavyo virusi. Nimeanza dawa. Tafadhali, kanisani usiwaambie." Nyuma yao walikaa madereva wawili waliokuja na shida zao, wakatazamana.

Juu ya dizeli halikupatikana hata neno. Yassir akaachiwa siku ile ile, ila habari ilimtangulia kwenye foleni. Alimkuta Kasiani anakula peke yake kando ya tairi, wenzake wamemtengea sahani yake. Kasiani hakumtukana.

"Nilikuamini, mdogo wangu," alisema, akageuza mgongo.

Gwantwa akaja analia. "Mpenzi, nilitaka utoke."

"Ulitaka nitoke, au ulitaka kumjua Tumpale?"

Gwantwa akainama, akakaza fundo la kitenge.

"Wao walinidai kwa nguvu, nikawanyima. Wewe nilikupa kwa mapenzi, ukawapa. Hawakukupiga hata kofi, Gwantwa. Walikupa kiti."

Benchi likakosa watu. Nani angekaa tena pale? Yassir akaondoka bila kuaga, asisikike mpaka siku alipompigia Gwantwa.

"Niko Saza, kwenye machimbo ya dhahabu. Mambo ya ndoa nitakuja kuyamalizia. Nilimwahidi mzee."

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe."

"Utakuwa unaniambia unayoyawaza, kama zamani?"

Nyuma yake mashine za kusaga mawe zilikuwa zinanguruma. "Nitajitahidi."

"Na tukioana, simu yako ikiita, utatoka nje kuipokea?"

"Gwantwa, hayo ya nini sasa?"

"Niambie tu, baba. Sitakasirika."

Yassir akashusha sauti. "Nitatoka nje."

Gwantwa akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Basi usije. Mimi siwezi kuishi na mume anayenipimia maneno. Nyumbani nitasema mimi ndiye niliyekataa."

"Siyo lazima ubebe wewe."

"Kosa ni langu, Yassir. Niachie."

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata. Kila mmoja akasikiliza pumzi za mwenzake, mpaka salio la Yassir likaisha, likawakatia.