Paa la Asbesto la Mzee Albano

"Nyumba yangu haivuji!"

Bi Anastasia wa Temeke alitamba hivyo kila masika, mbele ya yeyote aliyepita barazani kwake. Safari hii, kabla hajafunga mdomo, tone likamwangukia ndani ya kikombe cha chai. Akasogeza kigoda.

"Basi, inavuja vyumba vitatu tu," akasema. "Cha nne hakivuji. Kule kunanyesha kabisa."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka sana. Katika kimoja cha vyumba hivyo alilala mumewe, Mzee Albano, na Mzee Albano alikuwa na kifua.

Kifua chenyewe hakikuwa cha mchezo. Mzee akitoka kitandani hadi mlangoni, alihema kama aliyebeba gunia la saruji. Hospitali walimpima makohozi, wakasema si kifua kikuu. Basi majirani wakapata la kusema. Karogwa, wakasema. Karogwa huko kwao kusini.

"Mchawi gani atoke Masasi mpaka Temeke?" aliuliza Bi Anastasia. "Na mabasi yenyewe hayana mafuta!"

Yeye alikuwa na jibu lake. Ni unyevu. Paa linavuja, mzee analala kwenye baridi, ndiyo maana anakohoa. Paa likibadilishwa, mzee atapona. Hilo ndilo alilokuwa akiliombea kanisani.

Paa hilo Mzee Albano aliliezeka mwenyewe, zamani za mkoloni. Alikuwa fundi wa kuezeka nyumba za serikali. Mabaki ya kazi alipewa, akaja nayo kwake. Hayakuwa mabati ya chuma. Yalikuwa yale mazito ya kijivu ambayo watu waliyaita mabati ya simenti.

Sasa mwanawe, Kasimiri, naye fundi, alikuwa amepata kibali cha kununua mabati mapya. Wakati huo kupata mabati lilikuwa jambo la kupigiwa vigelegele.

"Jumapili baada ya misa, mama," alisema Kasimiri. "Balozi ametangaza msaragambo. Nyumba zote kumi zitaleta mtu. Tunayapasua kwa nyundo, jioni tumemaliza."

"Na vipande vyake?"

"Si umeshawagawia wenzako?"

Kweli, alikuwa amewagawia. Miaka ile sabuni ilikuwa ya foleni, na siku nyingine foleni unaipata, sabuni huipati. Wanawake wa mtaa wakagundua ujanja. Kipande cha bati la simenti ukikiponda kikawa unga, unasugulia sufuria. Masizi yote yanatoka, sufuria inang'aa kama ya Mhindi. Bi Anastasia ndiye aliyeanza. Kila kipande kilichovunjika darini alikigawa kwa moyo mmoja. Mwingine alikipata cha kuwekea jiko, mwingine cha kuzungushia bustani ya mchicha.

Jumamosi jirani yake, Eufrazia, alikuja mapema kuchukua fungu lake. Akaketi uani, akaanza kuponda kwa jiwe. Wajukuu wawili wa Bi Anastasia wakagombania zamu ya kuponda. Vumbi jeupe likawajaa kope.

Hapo akaingia Kokushubila. Huyu alikuwa mpangaji mpya wa nyumba ya pili, mtu wa Bukoba, bibi afya katika ofisi ya jiji. Alikuja kuomba ndoo. Alipoona vumbi, hata salamu ilimpotea.

"Acheni! Mwagieni maji hapo! Watoto, ondokeni!"

"Shikamoo huitoi?" aliuliza Bi Anastasia.

"Shikamoo, mama. Nisamehe. Hicho mnachoponda nadhani ni asbesto."

"Marahaba. Sie tunakiita sabuni."

Kokushubila alichukua maji, akamwagia unga wote hadi ukawa tope. Kisha akachuchumaa mbele yao.

"Asbesto ni jiwe, mama. Lakini ni jiwe lenye nyuzi. Kiwandani wanazichanganya na saruji ili bati liwe gumu. Bati likiwa zima, limetulia juu, hatari yake ni ndogo. Ukilikata kwa msumeno, ukilipasua, ukiliponda, zile nyuzi zinaruka. Ni nyembamba mno, huzioni kwa macho. Unazivuta kwa pua, zinakwama kwenye mapafu. Hazitoki tena."

"Mbona mie nimesugua mwaka wa pili na ni mzima?" alisema Eufrazia.

"Ndiyo ubaya wake, dada. Haikuumizi leo. Inakaa miaka ishirini, thelathini. Ukianza kukosa pumzi, umeshasahau hata ulivuta wapi."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alinong'ona Eufrazia. "Huyu kaja ili wenyeji tusugue sufuria kwa kucha."

Hakuna aliyecheka. Mzee Albano alikuwa amefika mlangoni. Alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili.

"Binti," alisema, akapumua. "Umesema msumeno?"

"Ndiyo, baba. Shikamoo."

"Mie nilikata haya mabati... ujana wangu wote. Jioni tulikuwa weupe kama wachoma chokaa. Tukikung'uta nguo... tunacheka." Akapumua tena. "Mwenzetu wa kazi, Gaspar, alikufa kwa kifua. Mwinshehe naye alikwenda kwa kifua. Tukasema pombe. Tukasema uchawi."

Bi Anastasia alimtazama mumewe, kisha akawatazama wajukuu na kope zao nyeupe. Akawavuta hadi kwenye maji, akaanza kuwaosha nyuso.

Kasimiri, aliyetoka ndani kwa kelele hizo, ndiye aliyekasirika.

"Kwa hiyo tusiezeke? Masika yamefika! Baba alale chini ya maji?"

"Mtaezeka," alisema Kokushubila. "Lakini kwanza mjue paa hili ni nini. Kwa macho hata mie siwezi kujua. Lowesha ukingo uliokwisha vunjika, uchukue kipande kidogo. Kitie kwenye mfuko wa nailoni, ukifunge, ukitie kwenye mfuko wa pili. Mie nitakipeleka maabara ya serikali. Na ofisi ya jiji lazima ikupe kibali cha kubomoa. Hiyo ni sheria, kaka. Kibali cha kununua bati si kibali cha kubomoa."

"Majibu lini?"

"Sitakudanganya. Si kesho."

Kasimiri alichukua nyundo yake ukutani. "Mie nabomoa Jumapili. Mnaogopa vumbi? Nitajifunga khanga puani."

"Khanga haizuii nyuzi hizi."

"Weka nyundo chini," alisema Mzee Albano. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini aliyeisikia hakuhitaji kurudiwa. "Nilikufundisha mie kazi hiyo. Nilikufundisha vibaya. Usiwafundishe na hao watoto."

Kasimiri akaiweka.

Basi wakangoja. Kungoja kuliuma kuliko wanavyosema watu. Mvua ilimwagika. Kitanda cha mzee kilihamishwa pembe hii, kikahamishwa pembe ile, mwisho kikafunikwa nailoni kama mzigo wa sokoni. Mzee alikohoa, na kila alipokohoa Bi Anastasia alimlaani Kokushubila kimoyomoyo, kisha akamwomba Mungu amsamehe, kisha akalaani tena.

Wakati wa kungoja alifanya kazi moja chungu. Alibeba ndoo ya maji na gunia bichi, akapita nyumba kwa nyumba kukusanya vile vipande alivyogawa kwa ukarimu wake mwenyewe. Kila kipande alikilowesha kabla ya kukigusa.

"Sasa nisugulie nini sufuria?" alilalamika Eufrazia. "Ulimi?"

"Usithubutu. Ulimi wako utaitoboa."

Lakini Eufrazia alileta vyote, hata kile cha chini ya jiko. Akachota mchanga na majivu, akasugua kama walivyosugua mama zake.

Majibu yakaja. Ni asbesto. Na kibali kikaja.

Siku ya kubomoa hapakuwa na msaragambo. Kokushubila aliwaondoa watoto na majirani wote, hata balozi. Alileta kutoka ofisini vifuniko vya pua vyenye kichujio, kwa Kasimiri na mwenzake mmoja tu. Paa lilimwagiwa maji hadi likachuruzika. Hakuna nyundo, hakuna msumeno. Kasimiri alifungua boliti moja moja, wakateremsha bati zima zima kwa kamba, polepole, kama watu wanaoteremsha jeneza. Kila bati lilifungwa kwenye nailoni. Gari la jiji likayachukua pamoja na gunia la vipande, yakafukiwe mahali palipotengwa. Sakafu haikufagiliwa, ilifutwa kwa matambara mabichi. Nguo za kazi hazikukung'utwa. Zililowekwa hapo hapo, peke yake.

Mabati mapya yakapanda. Mvua ilipopiga, ililia juu ya chuma kama ngoma, na chini pakawa pakavu. Vyumba vyote vinne.

Ila Kokushubila alikuwa amewaelekeza pia hospitali kubwa, wakapige picha ya kifua. Daktari aliishika picha kwenye mwanga.

"Mapafu ya mzee yameingia makovu," alisema. "Kovu halifutiki. Aache sigara, akae mbali na moshi, homa ikimpata mumlete upesi. Na wewe Kasimiri, uwe unakuja kupimwa."

"Si unyevu?" aliuliza Bi Anastasia.

"Unyevu ulimsumbua, mama. Lakini si uliomletea ugonjwa. Ni lile vumbi."

Asubuhi moja, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, Bi Anastasia alirudi kutoka dukani kwa Fakihi na kipande cha sabuni. Matope yalikuwa yamempanda hadi kwenye muundi. Alimkuta mumewe ameketi kitandani, amejiweka sawa, uso umechangamka.

"Mama Kasimiri," alisema mzee. "Kifua kimefunguka."

"Kweli?"

"Paa jipya hili. Leo nimetembea... peke yangu. Hadi dukani kwa Fakihi, nikarudi. Sikupumzika popote."

"Saa ngapi hiyo?"

"Sasa hivi tu. Umenikosa njiani."

"Fakihi hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu sana."

Bi Anastasia aliinama, akavuta ndala za mumewe kutoka mvunguni. Akazigeuza nyayo. Zilikuwa kavu, safi, kama zimetoka dukani.

"Albano," akasema taratibu. "Kwa Fakihi ulikwenda kwa mabawa?"

Mzee Albano alifungua mdomo. Alikuwa bado anaitafuta pumzi ya kujibia.